Bei ya Basi Si Gharama ya Basi

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wengi wetu huyatumia kana kwamba ni pacha, nayo ni bei na gharama. Bei hulipwa mara moja, siku mnunuzi anapokabidhiwa kitu. Gharama ni jumla ya yote yatakayomwandama hadi siku kitu hicho kitakapotupwa. Katika Kiarabu, ambako tulilitwaa neno hili la pili, gharama ni faini. Sijaona chombo kinachoidhihirisha tofauti hiyo kwa ukali kama basi la abiria jijini Nairobi. Anayelinunua bila kuitafakari gharama yake hutozwa faini baadaye, na kinaya ni kwamba aghalabu faini hiyo hulipwa na mwalimu, mwanafunzi na kibarua waliokwama kando ya barabara alfajiri.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni, ambao mwalimu wa Hisabati anaweza kuuandika ubaoni. Basi la kwanza linauzwa shilingi milioni 6, linadumu miaka 6 na matengenezo yake hugharimu shilingi milioni 1.2 kila mwaka. Basi la pili linauzwa shilingi milioni 9, linadumu miaka 12 na hutengenezwa kwa shilingi 800,000 kwa mwaka. Tukiacha kando mafuta, mishahara, bima na riba, la kwanza linamla mwenyewe shilingi milioni 2.2 kila mwaka, ilhali la pili linamla milioni 1.55. Katika miaka 12 tofauti hiyo inafikia shilingi milioni 7.8. Lile lililoitwa rahisi ndilo lililokuwa ghali.

Je, basi lisilo na bei kabisa? Itakumbukwa kuwa shirika la Nyayo Bus lilianzishwa mwaka 1986, na baadhi ya mabasi yake yalikuwa msaada kutoka serikali za kigeni. Abiria waliyapenda, na nauli yake ilikuwa nafuu. Hata hivyo, kufikia katikati ya miaka ya 1990 shirika hilo lilikuwa limesambaratika kutokana na usimamizi mbaya. Basi la msaada huwa na bei ya sufuri, lakini breki zake huchakaa sawa na za basi lililonunuliwa kwa mkopo. Kama hakuna fedha zilizotengwa kwa ajili ya vipuri na mafundi, zawadi hugeuka vyuma vikuukuu uani.

Sekta ya matatu nayo ina ugonjwa wake. Kwa kawaida mwenye gari humwekea dereva na utingo kiasi cha fedha cha kuwasilisha kila jioni, na kinachozidi ndicho chao. Chini ya utaratibu huo, dereva hana sababu ya kulionea gari huruma. Kila anapofunga breki ghafla ili kumnyakua abiria, kila anapopanda ukingo wa barabara ili kuwahi zamu, anapata faida ya leo kwa kuyala maisha ya gari la mwenzake. Mwenye gari naye, akiandamwa na mkopo, hushawishika kuahirisha matengenezo hadi deni liishe. Deni linapoisha, gari nalo limekwisha.

Fauka ya hayo, yapo magari ambayo vijana huyaita nganya. Fedha nyingi humwagwa kwenye michoro, taa, muziki na runinga. Sichukii sanaa hiyo. Ni ubunifu wa vijana wetu na ina wapenzi wake. Ila umaarufu wa nganya ni wa msimu tu. Likija jipya, la jana huhamishiwa njia isiyo na makeke, na huko huendelea kubeba watu likiwa na rangi iliyofifia na springi zilizolegea. Wahenga walinena kuwa la kuvunda halina ubani.

Lakini tusiwaonee wenye matatu. Wengi wao hununua basi la bei ya chini kwa sababu ndilo wanaloweza kukopeshewa. Aidha, wana busara moja ambayo wakubwa hawana budi kujifunza: huchagua gari ambalo vipuri vyake vinapatikana Kirinyaga Road na ambalo kila fundi analijua. Uimara wa basi hauko katika chuma chake pekee. Basi imara lisilo na vipuri karibu ni dhaifu kuliko lile la kawaida linaloweza kutengenezwa usiku mmoja likarudi kazini asubuhi.

Uingereza ilitupa mfano mzuri. Mabasi ya ghorofa yaitwayo Routemaster yalianza kubeba abiria London mwaka 1956, na yaliondolewa katika njia za kawaida mwezi Desemba 2005. Hayakudumu hivyo kwa miujiza. Katika karakana ya Aldenham, iliyofungwa mwaka 1986, bodi ilitenganishwa na mitambo, kila sehemu ikakaguliwa, kisha basi likaundwa upya. Nchini Marekani, basi kubwa la mjini linalonunuliwa kwa fedha za serikali kuu hutarajiwa kutumika angalau miaka 12 au maili 500,000. Mnunuzi huko huanza na swali la umri, ndipo aulize bei.

Na sasa umeingia umeme. Mabasi ya kampuni ya BasiGo yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, chini ya mpango ambao mwenye basi hulipa bei ya basi bila betri, kisha betri na umeme hulipiwa kwa kila kilomita. Basi la umeme halihitaji mafuta ya injini wala halina giaboksi ya gia nyingi ya kuvunjika, lakini betri yake nayo huchakaa. Nionavyo mimi, somo kubwa la mpango huo ni hesabu yake: gharama imeandikwa mbele ya mnunuzi, kilomita kwa kilomita, tangu siku ya kwanza.

Hesabu hiyo na iwe sharti kwa kila basi, liwe la dizeli au la umeme. Serikali za kaunti na vyama vya ushirika vya matatu, vinapotangaza zabuni, vidai gharama ya miaka yote ya basi badala ya bei ya siku moja. Kila basi liwe na daftari la matengenezo, nalo likaguliwe pamoja na gari lenyewe. Dereva na utingo walipwe mshahara, ili wapate sababu ya kulitunza basi. Hata halmashauri ya shule, kabla ya kuwachangisha wazazi fedha za basi, na iwaeleze ni nani atakayenunua magurudumu yake katika mwaka wa tano. Asiyeweza kulijibu swali hilo bado hajawa tayari kununua basi.