UJUZI WA VIJANA NI HAKI, SI HISANI

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Hakuna fundi aliyezaliwa akiwa ameshika randa. Hata hivyo, kijana wa Kenya abishapo mlango wa kiwanda hukutana na maneno mawili, "Hakuna Kazi". Na pale ambapo kazi ipo, huulizwa tajriba ya miaka kadhaa. Ataipata wapi, ikiwa kila mlango wamtaka aje nayo?

Tusidanganywe kwamba sheria haipo. Kifungu cha 55 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaiamuru serikali ihakikishe kuwa vijana wanapata elimu na mafunzo yafaayo, na nafasi za ajira. Jedwali la Nne limevikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini kwa serikali za kaunti. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani nayo imeweka ushuru, ambao kiwango chake ni shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Mwajiri ndiye anayeulipa, nao umekusudiwa kugharimia mafunzo.

Kuna dhuluma nyingine iliyovishwa joho la mafunzo. Walimu waliokwisha kuhitimu na kusajiliwa walipelekwa katika shule za sekondari msingi kwa jina la wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, huku wakibeba mzigo uleule wa mwalimu kamili. Mnamo Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kuwa Tume ya Kuajiri Walimu haikuwa na mamlaka ya kuajiri wanagenzi, na kwamba utaratibu huo ulikiuka haki yao ya kutendewa haki kazini. Aliyekwisha kufunzwa akilipwa kama anayejifunza, hayo si mafunzo, ni unyonyaji.

Watetezi wa serikali watasema kuwa haiwezi kumwajiri kila mtu. Kweli, haiwezi. Lakini hakuna aliyedai hivyo. Tunachodai ni haya: hesabu za ushuru wa mafunzo zitangazwe kwa lugha ambayo mwananchi ataielewa, kila kaunti ieleze vyuo vyake vina walimu wangapi na mashine zipi zinazofanya kazi, na kila mwanagenzi apewe mkataba wa maandishi unaotaja ujuzi atakaofunzwa, posho yake, na siku ya kumaliza.

Kifungu cha 2A cha katiba ya zamani kilipofutwa Disemba 1991, Mkenya alirudishiwa uhuru wa kuchagua chama. Uhuru huo utamfaa nini kijana ambaye kila uchaguzi hukodiwa kupiga mayowe mikutanoni, kisha husahaulika hadi miaka mitano ipite?

Ewe kijana, mgombea akija kwako na fulana na noti ya shilingi mia, mwulize kuhusu chuo cha ufundi cha kwenu. Akikosa jibu, kura yako unayo. Haki haiombwi, hudaiwa.