Alama duni za majaribio ya GRE: Kupotea njia ndiko kujua njia

KILA mwaka, miezi ya Agosti na Septemba inapowadia, vijana Wakenya wanaonuia kusomea shahada za uzamili na uzamifu katika vyuo vikuu vya Marekani huanza mbio za kutafuta barua za mapendekezo, nakala za matokeo yao ya chuo na, kwa wengi wao, alama za mtihani wa GRE. Ni wakati huu ambapo wengi huketi mbele ya tarakilishi na kujaribu mtihani huo kwa mara ya kwanza. Baada ya takriban saa mbili hupigwa na butwaa: 148 katika hesabu, 146 katika lugha.

Aliyetoka chuoni na shahada ya daraja la juu huziona alama hizo kuwa tusi. Wapo wanaokata tamaa papo hapo na kuifunga ndoto yao kabatini. Wapo pia wanaokimbilia kulipia mtihani wenyewe wakitumai kwamba siku hiyo bahati itawaangukia. Makundi yote mawili yamelitazama jaribio kwa jicho lisilofaa. Thamani ya jaribio la kwanza imo katika maswali yaliyokosewa, wala haimo katika jumla iliyoandikwa mwishoni. Anayeipuuza hazina hiyo hurudia makosa yale yale siku ambayo kila kosa lina gharama.

Na gharama yenyewe si haba. Ada ya GRE katika nchi nyingi ni dola 220, pesa zinazozidi Sh28,000 kwa kiwango cha ubadilishaji cha karibu Sh129 kwa dola. Kwa mhitimu anayefundisha kwa kandarasi ya bodi ya shule, kiasi hicho kinaweza kumeza mshahara wa mwezi mzima kabla hajalipia pasipoti, ada za maombi wala viza.

Ufadhili nao una ushindani mkali. Mnamo Septemba 1959, ndege iliyokodishwa kwa juhudi za Tom Mboya iliwapeleka Marekani wanafunzi 81 kwa misaada iliyochangwa na wahisani. Siku hizi mwana wa maskini hutegemea zaidi nafasi za usaidizi wa ufundishaji au utafiti, ambazo humwondolea karo na kumpa posho ya kujikimu. Mwaka wa 2025, vyuo kadhaa vya Marekani vilipunguza nafasi za uzamifu baada ya serikali kukata fedha za utafiti. Nafasi zinapopungua, kila kipengele cha maombi huchunguzwa kwa makini zaidi.

Mtihani wenyewe

GRE ulianza mwaka wa 1936 kwa ushirikiano wa wakfu wa Carnegie na vyuo vikuu vinne vya mashariki mwa Marekani, vikiwemo Harvard na Yale. Leo unasimamiwa na shirika la ETS. Tangu Septemba 2023, muda wake umepunguzwa kutoka karibu saa nne hadi saa moja na dakika 58. Mtahiniwa huandika insha moja kwa dakika 30, kisha hujibu maswali 27 ya lugha na 27 ya hesabu. Lugha na hesabu hupewa alama kati ya 130 na 170 kila moja, nayo insha hupewa kati ya 0 na 6.

Kuna kanuni mbili ambazo wengi huzijua wakiwa wamechelewa. Kwanza, lugha na hesabu zimegawanywa sehemu mbili kila moja, na matokeo ya sehemu ya kwanza, yenye maswali 12, huamua ugumu wa sehemu ya pili, yenye maswali 15. Anayeboronga mwanzoni hupewa maswali mepesi baadaye, lakini kiwango cha juu anachoweza kufikia nacho hushuka. Pili, jibu lisilo sahihi halikatwi alama. Kuacha swali wazi, kama wafanyavyo wengi waliolelewa katika hofu ya kukosea, ni kutupa alama jalalani.

Aidha, alama hizi hazisomwi kwa namna moja. Katika miaka ya hivi karibuni, 160 ya lugha imekuwa ikimweka mtu juu ya zaidi ya watahiniwa wanne kati ya watano, ilhali 160 ya hesabu humweka karibu na katikati tu, kwa kuwa wahandisi na wanasayansi wengi hufanya mtihani huu. Basi kabla ya kulia, mtahiniwa aulize: alama hizi ni duni kwa masomo gani? Anayeomba kusomea fasihi na anayeomba kusomea uhandisi hawapimwi kwa mizani moja. ETS yenyewe hushauri vyuo visimkatae mwombaji kwa msingi wa alama za GRE pekee.

Isitoshe, idara nyingi, hasa za sayansi ya viumbe, zilianza kuuondoa mtihani huu katika masharti yao mnamo 2018 na baadaye, na janga la corona la mwaka wa 2020 likaongeza idadi hiyo. Huenda mtu anahangaikia mtihani ambao idara anayoitaka haiuhitaji tena. Kusoma masharti ya kila idara hakumgharimu mtu shilingi.

Mafungu matatu ya makosa

Iwapo mtihani unahitajika, kazi ya ukarabati ianze siku inayofuata jaribio. Mtahiniwa arejelee maswali yote aliyokosa na kuyajibu upya bila saa na bila kutazama majibu. Hapo makosa yatajigawa yenyewe. Yale anayoyakosa tena yanatokana na maarifa yaliyosahauliwa au yasiyowahi kufunzwa. Yale anayoyapata mara moja kwa kulisoma swali kwa utulivu yalitokana na kutolisoma vyema. Yale anayoyapata baada ya kufikiri kwa muda mrefu yalitokana na uhaba wa dakika.

Tuchukue mfano wa mtahiniwa wa kubuni aliyekosa maswali 14 ya hesabu. Akigundua kwamba sita yalimshinda kwa sababu ya maarifa, matano kwa kusoma vibaya na matatu kwa muda, ameshapata ratiba yake. Maswali manane kati ya hayo alikuwa na uwezo wa kuyajibu siku ile ile. Hahitaji kuanza hisabati upya tangu ukurasa wa kwanza, kama baadhi ya wakufunzi wa kulipwa watakavyomwambia.

Hesabu za GRE hazivuki kiwango cha shule ya sekondari. Zinahusu namba, asilimia, uwiano, aljebra, jiometri na takwimu. Hazina trigonometria wala kalkulasi. Taabu ni kwamba mhitimu wa sheria au historia aliziacha hesabu hizo katika chumba cha mtihani wa KCSE. Mhandisi naye amezoea fomula na kikokotoo hadi maswali ya mantiki yanampiga chenga.

Mathalani, bei ya gunia la mahindi ikipanda kwa asilimia 20, kisha ishuke kwa asilimia 20, wengi watasema imerudi ilipokuwa. La hasha. Gunia la Sh4,000 litapanda hadi Sh4,800, na asilimia 20 ya Sh4,800 ni Sh960. Litauzwa Sh3,840. Au mtahiniwa aulizwe kipi kikubwa kati ya x na mraba wa x. Anayejaribu 2 na 3 pekee atajibu kwamba mraba ni mkubwa. Akijaribu nusu, ataona mraba umepungua. Akijaribu 1 au sifuri, vitalingana. Jibu sahihi ni kwamba haiwezekani kuamua. Maswali ya aina hii hukomeshwa na tabia moja tu: kujaribu namba hasi, sifuri, moja na sehemu kabla ya kuchagua.

Kwa upande wa lugha, Mkenya wa kawaida anasoma Kiingereza kama lugha yake ya pili au ya tatu, na Kiingereza cha ofisini hakimtoshi. Hata hivyo, kukariri orodha ya maneno 1,000 magumu nako hakumfikishi mbali. Maswali ya kujaza mapengo hujibiwa kwa kufuata mkondo wa sentensi: palipo na neno lenye maana ya "ingawa", wazo litageuka, palipo na "kwa hivyo", litaendelea. Mtahiniwa abuni neno lake mwenyewe kabla ya kutazama yale aliyopewa. Ajue pia kwamba penye mapengo mawili au matatu, kukosa moja ni kukosa swali zima.

Katika ufahamu, kosa kuu ni kujibu kwa kutegemea maarifa ya nje. Msomi wa uchumi akipewa kifungu kuhusu uchumi huchagua jibu lililo kweli duniani lakini lisilo katika kifungu. Dawa yake ni kuonyesha kwa kidole mstari unaothibitisha jibu. Nayo insha haifai kumshtua mtu, kwa kuwa ETS huchapisha mtandaoni, bila malipo, orodha ya mada ambamo swali la insha hutolewa.

Kuhusu muda, kila swali la hesabu lina takriban dakika moja na sekunde 45, na la lugha karibu dakika moja na nusu. Mtahiniwa anaruhusiwa kuliwekea swali alama na kulirudia ndani ya sehemu ile ile. Anayeng'ang'ania swali moja kwa dakika nne amejinyima nafasi ya kujibu mengine mawili yaliyo rahisi.

Kalenda na pesa

ETS hutoa angalau majaribio mawili ya bure yanayofanana na mtihani halisi. Hayo ni mali adimu. Anayeyamaliza yote katika wiki moja ili kuona kama alama zimepanda hubaki bila kipimo cha kuaminika. Ni busara kulifanya moja mwanzoni na kulihifadhi la pili hadi wiki mbili hivi kabla ya mtihani.

Katikati yake, mtu ajijaribu badala ya kusoma tena na tena. Mwaka wa 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliokisoma kifungu kwa kurudiarudia na wale waliokisoma mara moja kisha wakajipima mara tatu kwa kukumbuka. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 61, na waliorudia kusoma asilimia 40. Daftari la makosa, linalofunguliwa kila baada ya siku chache na maswali yake kujibiwa upya, lina faida kuliko kitabu kinene kinachosomwa kama riwaya.

Sheria zinaruhusu kuurudia mtihani baada ya siku 21, hadi mara tano katika miezi 12, na mtahiniwa huchagua matokeo ya kutuma. Alama hudumu miaka mitano. Mwenye tarehe ya mwisho katikati ya Desemba basi afanye mtihani kufikia katikati ya Oktoba, ili akikwama apate nafasi ya pili. Jaribio la pili likionyesha kwamba hajasogea, ni afadhali kuahirisha kuliko kulipa dola 220 ili kuthibitisha analolijua tayari. Wanaouza "maswali halisi" au ahadi za alama fulani wakwepwe, kwani ETS hufuta matokeo ya wanaobainika kudanganya.

Suala hili halimhusu mtahiniwa peke yake. Pendekezo la awali la mtaala mpya lingewaruhusu wanafunzi wengi kuiacha hisabati wanapoingia sekondari ya juu. Mwaka wa 2025 serikali ilibadili msimamo na kutangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma, kwa kiwango kinacholingana na mkondo wake. Ulikuwa uamuzi wa busara. Mwanafunzi wa sanaa au sayansi ya jamii anayeiaga hisabati akiwa na umri wa miaka 15 huikuta ikimsubiri mlangoni miaka kumi baadaye, tena kwa dola.

Vyuo vikuu vyetu navyo vina deni. Ukumbi wa maktaba, tarakilishi chache na kikundi cha wanafunzi wanaokutana Jumamosi kukaguliana makosa ni mambo yasiyohitaji bajeti kubwa. Pasipo na msaada huo, mtoto wa tajiri atanunua mkufunzi, naye wa maskini atalitazama jaribio lake la kwanza na kuamini kwamba limemwambia yeye ni nani. Mtoto huyo anapaswa kuambiwa mapema, na watu wanaojua, kwamba lililo mbele yake ni orodha ya mambo ya kurekebisha, na kwamba miezi mitatu ya kazi inaweza kuifupisha orodha hiyo.