Mashine Inaponyima Ruhusa



Safari hii nina swali la mama mmoja wa Mchuchuma, huku kwetu wilaya ya Ludewa. Mwanawe amerudi likizo na kompyuta iliyokwisha tumika, inayoendeshwa kwa Linux. Kijana akataka kuiwekea programu ya hesabu za kikundi cha akina mama, akaipata ingali maandishi matupu ya watungaji wake, haijaundwa. Akaanza kuiunda. Kompyuta ikafanya kazi karibu saa nzima bila neno. Lakini mwisho kabisa, alipoamuru «make install», ikaandika «Permission denied», yaani ruhusa imekataliwa. Fundi mmoja mjini akasema mashine imekufa, yafaa ifutwe yote, naye alipwe. Mama auliza: Je, niuze mahindi?

La, mama, usiuze. Mashine ni nzima.

Mfikirie seremala achongaye mlango wa kanisa. Akiwa kibandani kwake huchonga apendavyo, hana wa kumwuliza. Lakini siku ya kuutia mlango ule kanisani, hana budi apate idhini ya Padre Paroko. Asipokuwa nayo atazuiwa, ingawa mlango wake hauna kosa lo lote. Basi, amri ya «make» ni kazi ya kibandani. «make install» ndiyo kuutia mlango mahali pake, na mahali hapo kwa kawaida ni folda ya /usr/local, ambayo mwenyewe ni mtumiaji mkuu aitwaye root.

Kijana na aandike «ls -ld /usr/local/bin» ajionee. Mara nyingi atakuta jina la root na herufi hizi: drwxr-xr-x. Ile d yasema kwamba ni folda. Zilizobaki ni mafungu matatu: la mwenyewe, la kundi lake, na la watu wengine. Herufi r ni kusoma, w ni kuandika, na x, kwa folda, ni kuingia. Mwenyewe anazo zote tatu. Sisi wengine w hatuna. Twaingia na kutazama, lakini hatuweki kitu. Linus Torvalds alipoanza Linux huko Finland mwaka 1991 aliufuata mpango huo wa Unix, ambao tangu zamani ulihudumia watu wengi kwenye mashine moja. Sisi parokiani twaushukuru: vijana hujifunza kuchapa kwenye kompyuta ile ile yenye orodha za ubatizo, wala hawawezi kuzifuta.

Kama kompyuta ni yake, aunde kwa jina lake mwenyewe, kisha hatua ya mwisho tu aandike «sudo make install» na kutia neno lake la siri. (Kwenye mashine nyingi neno hilo halionekani likiandikwa, asidhani vibonye vimekufa.) Kama ni ya shule, na programu inayo faili ya configure, aanze upya kwa «./configure --prefix=$HOME/.local», ndipo afuatishe «make» na «make install». Programu itakaa katika folda za nyumbani kwake, bila kumwomba mtu.

Wako washauri wasemao: tia sudo kila mahali, yaishe. Ushauri mbaya huo. Ukiunda kwa jina la root, faili zitokeazo huwa mali ya root, na kesho ukirudi kwa jina lako utanyimwa ruhusa hata kibandani kwako. Wengine husema: andika «chmod -R 777», kila mtu apate kila ruhusa. Hao ni wabaya zaidi. Amri hiyo ikipita juu ya /usr yote, hata sudo yenyewe hupoteza alama yake ya pekee na kukataa kazi. Hapo fundi wa mjini atapata kweli sababu ya kudai fedha.

Nadhani nusu ya hofu hii yatokana na lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, lakini makaripio ya make yamebaki Kiingereza. Mama akiyaona adhani ni tangazo la msiba.

Limebaki jambo la flashi, maana huku kwetu programu nyingi husafiri mfukoni. Flashi nyingi hazihifadhi ruhusa za Linux, kwa hiyo kijana akifungua bunda la programu mle ndani, hata «./configure» yaweza kukataliwa kabla kazi haijaanza. Alinakili kwanza bunda zima la tar.gz kwenye kompyuta na kulifungulia huko. Ruhusa zitatoka kama zilivyofungwa.