Daftari ni la Nani?

Katika mazungumzo ya makarani siku hizi limezuka neno ambalo twaona si vema kuliacha lipite kimya. Wako wenzetu wasemao ya kwamba kumbukumbu zilizomo ofisini ni mali ya Serikali, na ya kwamba karani mwenye busara ni yule afungaye kabati na kutia ufunguo mfukoni, kwani aliyetoa karatasi huulizwa, na aliyeinyima haulizwi. Hoja hiyo twaijua. Ni kongwe kama ukarani wenyewe. Lakini twaipinga, na tungependa kueleza sababu zetu kwa urefu kidogo, maana jambo lenyewe lawagusa watu wengi ambao hawatausoma ukurasa huu.

Yafaa kwanza tuitazame njia aipitayo mtu atafutaye hati. Mjane afika katika mji mkuu wa kaunti. Mumewe amefariki, shamba limeandikwa kwa jina la marehemu, na shemeji zake wameanza kulipima kwa hatua. Kijijini ameambiwa, "Nenda kaunti." Basi aingia katika ofisi za Gavana, kwa kuwa ndizo zenye jengo kubwa na bendera, akaa kitako tangu asubuhi, na saa saba aambiwa, "Mama, si hapa." Hakuna aliyemdanganya, ila hakuna pia aliyemweleza. Kaunti 47 tulizo nazo tangu 2013 haziweki daftari za kuzaliwa na kufa. Kazi hiyo ilibaki katika Serikali ya kitaifa, na msajili umkutaye kule mjini ni mtumishi wa idara ya kitaifa ingawa ofisi yake imo ndani ya kaunti. Ndoa nazo haziko kwake: ziko kwa Msajili wa Ndoa, chini ya Mwanasheria Mkuu. Na shauri la mirathi ni la Mahakama, ambayo ni mkono mwingine kabisa wa dola. Milango mitatu, na kila mlango wataka karatasi itokayo katika mlango mwingine.

Mjane huyu hawezi kufungua shauri la mirathi bila cheti cha kifo. Kama mumewe alifia hospitali, hospitali ilijaza hati na kibali cha maziko kikatoka hapo. Kama alifia nyumbani, naibu chifu ndiye wakala wa usajili, na ndiye apasaye kuandika. Muda wa sheria ni miezi sita. Ukipita, jambo halifi, lakini lawa refu: yatakiwa idhini ya Msajili Mkuu, na ushahidi, na safari. Wangapi kati ya watu wetu wakumbuka miezi sita wakiwa katika matanga? Arobaini yapita, mvua yanyesha, watu walima. Na siku shemeji ajapo na kigingi cha mpaka, mwaka umekwisha.

Nasi makarani tumekaa katikati ya milango hiyo mitatu. Twajua kilichomo katika kila chumba. Kumwandikia mama huyu mistari minne katika kipande cha karatasi, aende wapi kwanza, achukue nini, aulize nani, hakuchukui dakika tano. Kumwambia kwa mdomo tu hakutoshi, kwani maneno ya ofisini hupotea njiani. Karatasi haipotei, na afikapo mlango wa pili karani mwenzetu huona ya kuwa mtu huyu ametumwa, hakupotea.

Sasa twende kwenye daftari zenyewe, maana hapa pana jambo ambalo makarani vijana hawalijui, nasi twaona ni aibu kutolijua. Mara nyingi mzee aliyezaliwa Kwale au Kitui kabla ya Uhuru huulizwa dirishani, "Mzee, kwa nini huna cheti cha kuzaliwa?" kana kwamba alikitupa. Sheria ya kwanza ya kuandika vizazi na vifo katika nchi hii ni ya 1904, nayo iliwalazimisha Wazungu. 1906 wakaongezwa Waasia. Sheria tuitumiayo ilianza kazi 1928. Lakini Mwafrika hakulazimishwa kuandikwa mpaka 1963, ikaanza Nairobi na Nyeri, kisha ikapanuliwa wilaya baada ya wilaya, hata 1971 ndipo nchi nzima ikaingia. Basi mzee aliyezaliwa 1950 hayumo daftarini kwa sababu daftari halikumtaka. Kipande alivishwa babaye shingoni, na kodi alitozwa. Kuzaliwa kwake hakukuonekana kuwa jambo la kuandikwa.

Kwa watu wa namna hiyo yapasa karani aelekeze kwingine. Kitabu cha ubatizo cha misheni aghalabu chataja siku, wazazi na kijiji, na mapadre wengi wa zamani waliandika kwa uangalifu kuliko ofisi nyingi za bomani. Upande wa Waislamu, Kadhi huwa na ndoa na talaka. Daftari la shule la kuingiza wanafunzi nalo lafaa. Hizi zote si cheti, bali ni ushahidi, na ushahidi ndio aombwao mtu anayejiandikisha kwa kuchelewa. Na zaidi ya hizo iko Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa katika Moi Avenue, Nairobi, lile jengo lililokuwa Benki ya India. Kwa sheria ya 1965 kumbukumbu za Serikali zilizotimia miaka 30 hufunguliwa kwa watu wote, na humo zimo taarifa za wakuu wa wilaya, mashauri ya mipaka na barua za machifu. Sehemu kubwa ya taarifa hizo za zamani imepigwa picha ndogo na kuwekwa pia katika chuo kikuu cha Syracuse, Marekani. Hatulalamiki kwa hilo. Kumbukumbu iliyo mahali pawili ni salama kuliko iliyo mahali pamoja. Ila hucheka kidogo moyo tukifikiri ya kwamba mwanafunzi wa New York aweza kusoma habari za ukoo fulani wa Taita bila kuulizwa yeye ni nani, na mjukuu wa ukoo huo huulizwa mara tatu mlangoni hapa kwetu.

Gharama ya kutokuwa na karatasi ni kubwa kuliko tudhanivyo sisi tulio nazo. Wamakonde waliokuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya Pwani walizaa watoto na wajukuu hapa, na hawakutambuliwa kuwa raia mpaka 2016, baada ya kwenda kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai haki yao. Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi ambao makaburi ya babu zao yako ufuoni hapa hapa, walingoja mpaka 2023. Kwa miaka hiyo yote mtu aliyekosa kitambulisho hakuweza kufungua hesabu benki, wala kununua shamba kwa jina lake, na mtoto wake alizaliwa katika shida ile ile. Kila mmoja wao alisimama mbele ya dirisha la karani fulani, si mara moja.

Kuhusu mafaili ya mahakama, ugonjwa wake ni mwingine. Huko kumbukumbu imeandikwa, tena kwa urefu, lakini haionekani. Atafutaye faili yampasa kujua mambo matatu: mahakama gani, namba gani, mwaka gani. Asipojua namba, majina ya wenye shauri na mwaka hutosha, kwani masjala ina daftari la mashauri kwa mwaka, na karani akikubali kuinama nusu saa atalipata. Tatizo ni hilo neno "akikubali". Ndugu zetu, tusifichane. Sote twajua maana ya "faili halionekani" likisemwa kwa sauti fulani, na twajua jinsi lionekanavyo ghafula baada ya chai kunyweka. Hatusemi ni wote, wala hatusemi ni wengi. Lakini wachache hao hulipaka matope jina la kila mtu aliyewahi kushika mhuri, na mwananchi hawezi kututofautisha.

Wako watakaosema ya kwamba siku hizi hukumu zinapatikana bure katika mtandao wa Kenya Law. Ni kweli, na ni jambo la kushukuriwa. Tangu zamani ripoti za sheria zilikuwa za mawakili wenye fedha. Lakini hukumu si faili. Mjane wetu hataki kusoma sababu za jaji. Ataka kuona ni nani aliyetajwa kuwa mrithi katika ombi la mwanzo, na sahihi ya nani iko chini yake, kwa kuwa amesikia ya kwamba shemeji aliapa marehemu hakuwa na mke. Jambo hilo limo katika faili, katika kabati, nasi ndio wenye ufunguo. Notisi ya ombi la mirathi hutolewa katika Gazeti Rasmi, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Siku 30 zikiliwa na "njoo kesho", shamba limekwenda.

Turudi basi kwa wenzetu wenye kuogopa lawama. Hoja yao ina upande wa kweli, nasi hatutaki kuwa kama watu wasiosikia. Si kila karatasi ni ya kila mtu. Mashauri ya watoto hayafunguliwi ovyo; habari za ugonjwa wa mtu si za jirani yake; na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yatutaka tuwe waangalifu na habari za watu. Karani amtoleaye mtu yeyote chochote hatumsifu. Lakini kutoka hapo mpaka kufunga kabati kwa wote ni safari ndefu, na sheria haikutupa ruhusa ya kuifunga safari hiyo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaeleza namna. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Neno hilo limeandikwa katika sheria yenyewe, kwa hiyo karani amrudishaye mtu kwa kuwa barua yake ni ya Kiswahili ndiye aliye nje ya sheria. Asiyejua kuandika, ofisi humwandikia, na humpa nakala. Hapaswi kutoa sababu ya kutaka. Ombi lenyewe halina malipo. Alipalo ni gharama halisi ya kunakili. Jibu hutakiwa ndani ya siku 21, na kama jambo lahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Kumbukumbu ikiwa katika ofisi nyingine, ombi hupelekwa huko ndani ya siku tano, yaani ofisi ndiyo itembeayo, si mama mzee. Akinyimwa, yuko Ombudsman wa kumwendea. Na kuificha au kuiharibu kumbukumbu ili mwombaji asiipate ni kosa la jinai. Basi yule mwenzetu asemaye ya kwamba anyimaye haulizwi, habari zake zimepitwa na miaka kadhaa. Vyeti vya kuzaliwa na kifo vina sheria yao na ada yao, na hizo hulipwa. Lakini ada ni ile iliyotangazwa, nayo yafaa ibandikwe ukutani kwa herufi ambazo mtu asiye na miwani azisoma.

Twaomba matawi yajadili jambo moja kabla ya mkutano mkuu. Daftari likitafutwa na jina lisionekane, karani aandike hivyo: ametafuta kitabu gani, miaka gani, tarehe gani, na aweke jina lake. Karatasi hiyo ya "hakuonekana" ina faida mbili. Mwananchi huenda nayo kwa Msajili au mahakamani kama ushahidi ya kwamba alitafuta. Na karani mvivu hupata taabu kuiandika bila kutafuta kweli.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni la haraka. Mara kwa mara hutoka katika Gazeti Rasmi notisi ya mahakama fulani, ikisema ya kwamba baada ya miezi mitatu itamwomba Jaji Mkuu ruhusa ya kuharibu mafaili ya miaka fulani, na ya kwamba orodha yaweza kuonekana katika masjala. Ni haki, makabati yamejaa na mchwa hawangoji. Lakini ni nani kijijini asomaye Gazeti Rasmi? Sisi twalisoma, kwa kuwa hupita mezani petu. Kila tawi na limteue mtu mmoja, notisi ya namna hiyo itokapo, aipige chapa nakala kumi, na azipeleke kwa chifu aisome barazani, msikitini, kanisani na sokoni, ikiwa na jina la mahakama, miaka ya mafaili, na siku ya mwisho.