Tusiite kila mwasho wa umeme 'shoti'

Liko neno moja katika Kiswahili chetu cha mjini ambalo limegeuzwa jaa la kutupia kila jambo linalohusu stima. Neno lenyewe ni 'shoti'. Nyaya mbili zikigusana na nyumba nzima ikawa giza, hiyo ni shoti. Mtoto akitia msumari katika soketi akarushwa hadi ukutani, amepigwa shoti. Na siku hizi mwanafunzi akipitisha vidole juu ya kipakatalishi chake chenye gamba la chuma, akahisi kitu kinachomwashawasha, naye pia atamwendea fundi na kumwambia kuwa mashine yake 'ina shoti'.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si fundi wa stima, na kwa desturi sina ugomvi na neno lenye maana zaidi ya moja. Lugha zote za duniani zinayo. Ugomvi wangu na hili ni kwamba linafunika tofauti iliyopo baina ya jambo lisilodhuru na jambo linaloua. Aliyeogopeshwa nalo huitupa mashine nzima. Aliyelizoea hujibu kwa mkato, "Hiyo ni kawaida," kisha akaendelea kujibu hivyo hivyo hata pale bomba la bafuni linapoanza kumtetemesha mkono.

Tulitazame jambo lenyewe. Umeme unaoingia majumbani mwetu hapa Kenya ni wa volti 240, nao huenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde. Kipakatalishi hakihitaji nguvu hizo. Aghalabu hutosheka na volti 20 hivi. Kazi ya kuzipunguza hufanywa na chaja, kile kisanduku kilichoning'inia katikati ya waya. Ndani yake mna swichi ndogo ndogo zinazowaka na kuzimika maelfu kwa maelfu ya mara katika sekunde moja, na vurugu ya swichi hizo ingeweza kuzikera redio na vyombo vingine vilivyo karibu. Ili kuituliza, watengenezaji huweka kijidude kiitwacho kapasita baina ya upande wa volti 240 na upande wa volti chache. Kijidude hicho hufanya kazi yake vyema, lakini pia hupenyeza tone dogo mno la umeme wa ukutani hadi kwenye gamba la mashine.

Chaja iliyo na waya wa ardhi hulipeleka tone hilo ardhini kupitia pini ya tatu, na mwenye mashine hahisi lolote. Chaja ya pini mbili haina pa kulipeleka. Gamba la chuma hubaki likielea, na mtu akipima kwa kipimo cha kisasa baina ya gamba hilo na ardhi anaweza kuona nusu ya volti za ukutani, yaani 120 hivi. Takwimu hiyo hutisha, lakini haielezi kisa kizima. Fikiria tangi la maji lililowekwa juu ya paa la ghorofa ya tano: kimo chake ni kirefu, lakini ikiwa bomba litokalo humo ni jembamba kama uzi, hutalowa. Kanuni ya kimataifa iliyotumika kwa miaka mingi kwa vyombo vya namna hii vya pini mbili iliweka ukomo wa robo ya miliampea. Umeme unaoweza kuikaza misuli ya mkono hata mtu asiweze kuachia alichoshika ni wa miliampea 10 hivi, yaani mara 40 zaidi.

Basi ikiwa tone ni dogo kiasi hicho, vidole huhisi nini? Hapa pana jambo la kuvutia, na naomba msomaji anivumilie kidogo. Mwaka wa 1874 Elisha Gray, mvumbuzi wa Marekani aliyekuja kushindana na Alexander Graham Bell juu ya simu, alimkuta mpwa wake bafuni akichezea koili ya umeme. Kijana alikuwa ameunganisha upande mmoja wa koili na beseni la kuogea lililotiwa zinki ndani, na upande wa pili akaushika mwenyewe. Kila alipolisugua beseni kwa mkono, lilitoa sauti, na sauti hiyo ilifuata mlio wa kifaa kilichokuwa kikikata na kuunga umeme. Baadaye, katika mwaka wa 1953, Edward Mallinckrodt na wenzake wawili waliandika katika jarida la Science juu ya soketi ya shaba ya taa ambayo haikuhisika sawasawa chini ya kidole wakati taa imewaka na wakati imezimwa. Waligundua kuwa tabaka kavu la juu la ngozi huzuia umeme usipite, lakini haliuzuii umeme huo kukivuta kidole kuelekea chuma. Kidole kikitembea, mvuto huo huja na kuondoka, msuguano huongezeka na kupungua, na kwa umeme wetu wa mizunguko 50 hutokea hivyo mara 100 kwa sekunde. Ndiyo maana chuma laini huhisika kama msasa mwororo mno. Kidole kikisimama, mtetemo hutoweka. Chaja ikichomolewa, hutoweka pia.

Waswahili tunasema tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia sauti. Kitenzi kimoja kwa sikio na kwa mwili. Wageni wanaojifunza lugha yetu huliona hilo kuwa upungufu. Nadhani Gray angetuelewa, kwa kuwa katika beseni lile mkono na sikio vilipokea habari moja.

Hali ya pili ni ile ya kuchomwachomwa kama kwa sindano, hasa mkono wa ndani unapolalia ukingo wa gamba, au mapaja wazi yanapogusa pembe yake. (Jina lenyewe kipakatalishi limetokana na kupakata, kama mama apakatavyo mtoto.) Hapa umeme kweli unapita katika ngozi, ila ni kidogo, nao huhisika kwa sababu umekusanyika katika nukta ndogo.

Sasa nirudi katika uwanja wangu. Lugha iliyo na hazina kama yetu haina sababu ya kuyaita yote haya shoti. Mtu akitafuna ndizi mbichi, ulimi wake hupata ukakasi. Naona neno hilo linafaa kabisa kuhamishwa kutoka ulimini hadi kwenye ncha za vidole, ili ule mtetemo wa kusugua uitwe ukakasi wa umeme. Kidonda kikitiwa spiriti huchonyota. Basi yale machomo ya ukingoni na yaitwe mchonyoto. Na yule ambaye mkono umekaza asiweze kuachia, lugha imekwisha kumtafutia neno zamani bila msaada wa mhadhiri yeyote: tunasema amenaswa na umeme. Sijui kama yupo mhandisi angeweza kuieleza hali hiyo kwa usahihi zaidi. Ukakasi, mchonyoto, kunaswa: ngazi tatu, na anayezitaja humwambia fundi nusu ya anachohitaji kujua. Shoti ibaki na kazi yake ya nyaya kugusana.

Watakuwepo watakaosema kuwa huku ni kuchambua maneno huku watu wana shida zao. Hao ningewaomba watazame kilichoko ukutani mwao. Soketi zetu ni za matundu matatu, za mtindo wa Kiingereza uliowekwa mwaka wa 1947. Pini ya juu ni ndefu kuliko nyingine kwa makusudi: hutangulia kuingia, ikafungua vifuniko vya matundu mawili ya chini, na huunganisha chombo na ardhi kabla umeme haujafika. Nasi tumefanya nini? Tumenunua chaja za pini mbili zilizokusudiwa nchi nyingine, tukachukua kalamu, tukaichokonoa tundu ya juu hadi vifuniko vikafunguka, tukasukuma pini mbili kwa nguvu. Ufundi huo hata watoto wa shule wanaujua. Tumeigeuza njia ya usalama kuwa tundu la kalamu.

Hata aliye na plagi ya pini tatu asijione ameokoka. Nyingine pini yake ya juu ni ya plastiki. Ipo kwa ajili ya kufungua vifuniko tu. Na katika nyumba nyingine soketi ina matundu matatu lakini nyuma yake waya wa ardhi haupo, au upo na haufiki popote. Hapa ndipo ukakasi, ambao wenyewe hauna madhara, unapokuwa mjumbe wa kuheshimiwa. Ikiwa chaja yako ina waya wa ardhi kweli, na bado gamba linakuwashawasha, kuna uwezekano mkubwa kwamba nyumba yako haina ardhi. Sasa chomeka chaja hiyo katika ekstensheni moja na birika la umeme au pasi. Nyaya zao za ardhi zimeungana ndani ya ekstensheni, lakini haziendi udongoni. Siku birika litakapoharibika ndani, volti 240 zitasafiri hadi kwenye gamba la kipakatalishi ambacho hakina hatia yoyote, na mara hii hakutakuwa na kapasita ya kuzipunguza. Zipo pia chaja za bandia ambamo kapasita ya kawaida imewekwa mahali pa ile iliyoundwa isipitishe umeme hata inapokufa. Ya namna hiyo ikifa vibaya, hufungua njia.

Fundi anayepima gamba kwa testa ya bisibisi hatamsaidia mwenye mashine, kwani kitaa kile huwaka kwa umeme mdogo sana, uwe wa ukakasi au wa kuua. Anachopaswa kupima ni waya wa ardhi wa nyumba. Sheria inataka mafundi wa umeme wawe na leseni, na mpangaji ana haki ya kumuuliza mwenye nyumba ni nani aliyeunganisha nyaya zile.

Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na katika kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili kufaidika na bidhaa. Lakini fungua kisanduku cha kipakatalishi kipya: utakuta kikaratasi cha maonyo katika lugha chungu nzima za Ulaya na Asia, na ni nadra ya Kiswahili kuwamo. Wenye jukumu la viwango wanaweza kudai iwemo. Kwa kuwa kulalamika ni rahisi kuliko kuandika, naanza mimi, nao waiboreshe:

"Ukisugua gamba kwa kidole ukahisi ukakasi unaoondoka mara uchomoapo chaja, mashine haijaharibika, tumia chaja yenye waya wa ardhi. Ukihisi mchonyoto, au ukakasi usipokwisha hata kwa chaja hiyo, chomoa na umwite fundi mwenye leseni apime soketi na chaja. Usiguse mashine iliyochomekwa ukiwa umelowa au ukiwa miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji. Mwenzio akinaswa, zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kumgusa."