Gari la Kwanza la Kijana
Pamoja na taadhima niliyonayo kwa mwandishi wa makala ya gari la kwanza la kijana, naona ameghafilika na lililo aula kuliko bei na rangi, yaani usalama, kwani kijana wa miaka 18 aliyepata leseni juzi, hata akiwa mtiifu, hana bado tajiriba ya barabara ya Mombasa usiku, penye malori na mvua. Basi mzazi anayemnunulia Vitz iliyokwisha kutumika Japani atafute kwanza, ubavuni mwa kila tairi, tarakimu nne za tarehe: 2316, mathalani, ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na mpira wa umri huo, ujapong'aa, haufai. Kisha azungushe ufunguo, aitazame taa ya mifuko ya hewa, ambayo sharti iwake halafu izimike. Isipowaka kabisa, huenda pana hila, na labda mifuko yenyewe haimo. Gari hilo, wallahi, msimpe mwanenu.