Tumalizane kwa pungufu: je, deni limekwisha?

Mchafukoge na Kariakoo, mzigo mwingi hutoka dukani kwa mali kauli. Mwenye duka la jumla anatoa bidhaa, mchukuaji anaondoka akiwa ameacha neno lake tu. Tuchukue mfano ambao waamini wetu wengi wataujua: mmoja anadai milioni 4.8, mwingine anasema sehemu ya vitenge ilikuwa na kasoro, hadaiwi zaidi ya milioni 3. Wazee wanaitwa, soda zinaagizwa, na hatimaye inatajwa 3.6. "Lete hiyo, tumalizane."

Tunasema ni jambo jema. Kanuni ya 1713 ya Sheria ya Kanisa inahimiza mapatano ili watu wasiburuzane mahakamani. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, iliyofuata ile ya India, nayo inamruhusu mdai kupokea pungufu na kuachilia salio; akishakubali, amekubali. Uingereza kwenyewe, tangu kesi moja ya mwaka 1602, kupokea pungufu ya deni lisilobishaniwa hakufuti kilichobaki. Ajabu ni kwamba walioiandikia India sheria ile laini ni Waingereza hao hao.

Lakini hapa ndipo dhamiri inapotengana na karatasi. Mahakama itatazama kama mdai aliridhia kwa hiari na bila kudanganywa. Haitajua kwamba mdaiwa aliviona vitenge vikiwa vizima, akabuni kasoro kwa kuwa Januari imefika na mwenzake anatafuta karo. Mtu huyo ana hati ya mapatano, na bado ana mali ya mtu. Katekisimu (2412) haimpi njia ya mkato: kilichoibwa kirudishwe. Kwenye kitubio asiseme "tulishamalizana." Waliomalizana ni watu wawili waliobishana kweli, kila mmoja akiamini hesabu yake.

Ugumu unaongezeka pale anayepatana anapopatana kwa niaba ya wengine. Mwaka 2017 Mamlaka ya Mapato iliidai kampuni ya Acacia kodi, adhabu na riba, jumla ya dola bilioni 190. Mwaka huo huo serikali na Barrick, mwenye hisa nyingi za Acacia, walielewana juu ya dola milioni 300, hisa asilimia 16 za serikali na mgawanyo wa faida nusu kwa nusu. Mkataba ukatiwa saini Januari 2020, ikazaliwa Twiga. Kwa fedha taslimu peke yake, hiyo ni takribani senti 16 kwa kila dola 100 zilizodaiwa. Huenda yalikuwa mapatano mazuri, na sisi tunaelekea kuamini hivyo, maana dai la awali lilikuwa kubwa kupita kiasi. Ila mwenye duka anayesamehe chake hahitaji kumweleza mtu. Anayesamehe cha wananchi anadaiwa maelezo: ile bilioni 190 ilihesabiwaje, na ilishukaje? Kanuni ya 1715 inakataza mapatano juu ya yale yanayohusu manufaa ya wote na yale ambayo wahusika hawana uhuru wa kuyaamua. Iliandikwa kwa ajili ya mabaraza ya Kanisa, lakini busara yake inavuka uzio.

Ndugu waseminari, tusiinyooshee serikali kidole huku tukisahau parokia. Fundi amepaua ukumbi, kazi haina dosari, bei ilikubaliwa. Anakuja kudai anaambiwa, "Punguza kidogo, ni kazi ya Mungu." Hapo hapakuwa na ubishi wowote, kwa hiyo hakuna cha kupatana. Na fundi Mkatoliki atamkatalia vipi paroko anayembatizia watoto? Akijibu "Sawa, Padre" huku ameinamisha macho, mhasibu asilifute deni kitabuni kabla ya kumwuliza tena, siku nyingine, padre akiwa hayupo.